Khalsa: Si kila Kalasinga amekula yamini

Ndugu msomaji, iwe Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi, tukimwona mzee mwenye kilemba kilichofungwa vizuri, ndevu ndefu na bangili ya chuma mkononi, tunasema bila kufikiri: "Yule ni Kalasinga." Wengi wetu tumekua tukiamini kuwa Kalasinga ni kabila fulani la Wahindi, mafundi hodari wa magari na mbao, na habari inaishia hapo. Wengine huwachanganya na Mabaniani. Wengine, kwa sababu ya kilemba na ndevu, huwadhania kuwa Waislamu.

Kutojua huku si jambo dogo. Tarehe 15 Septemba 2001, siku nne tu baada ya mashambulizi ya New York na Washington, Singasinga mmoja aliyekuwa na kituo cha mafuta katika jimbo la Arizona, Marekani, alipigwa risasi akafa. Muuaji alikuwa anatafuta Mwarabu au Muislamu wa kulipizia kisasi. Aliona kilemba na ndevu, hakuuliza. Ikiwa ujinga wa mtu mwingine kuhusu sisi umemuua jirani ambaye hata si wa dini yetu, basi na sisi tujiulize: tunajua nini kuhusu huyo jirani?

Makala hii inahusu jambo moja lililo katikati ya dini ya Masingasinga, nalo ni Khalsa, yaani jumuiya ya wale walioingizwa rasmi kwa kula yamini. Asiyeielewa Khalsa hataelewa kilemba, hataelewa bangili, wala hataelewa kwa nini historia yao imefungamana kwa damu na historia ya watawala Waislamu wa India.

Neno lenyewe tunalijua

Jambo la kwanza la kushangaza ni kuwa neno Khalsa si geni kwetu. Asili yake ni Kiarabu, khalis, yaani kilicho safi, kisichochanganywa na kitu. Kutoka mzizi huohuo tumepata neno letu la Kiswahili "halisi", na humo ndimo limo neno ikhlasi. Kwa hiyo mtu wa Khalsa, kwa maana ya neno, ni mtu halisi, aliyetakaswa.

Lakini kuna maana ya pili. Katika dola ya Wamoguli, waliotawala India kwa lugha ya Kiajemi, ardhi ya khalsa ilikuwa ile iliyokuwa chini ya mfalme mwenyewe moja kwa moja. Ardhi nyingine zilipewa wakubwa ambao walikusanya kodi na kukaa kati ya mfalme na wakulima. Ardhi ya khalsa haikuwa na mtu wa kati.

Maana hii ina uzito. Kabla ya Khalsa, viongozi wakuu wa Masingasinga walikuwa na mawakala walioitwa masand, waliokusanya sadaka na kuwaongoza wafuasi wa mbali. Baada ya muda baadhi yao walianza kula sadaka hizo na kujifanya mabwana wadogo. Guru wa kumi aliwaondoa. Kuanzia hapo mfuasi alikuwa wa Guru wake moja kwa moja, kama ile ardhi ya mfalme. Usafi na kutokuwa na mtu wa kati ndizo nguzo mbili za jina hili.

Tulitokaje kwa Nanak hadi kwenye upanga?

Mwanzilishi wa dini hii, Guru Nanak, alizaliwa mwaka 1469 katika Punjab, mahali ambapo leo ni Nankana Sahib nchini Pakistani. Alifundisha kuwa Mungu ni mmoja, hana umbo wala sanamu, na kuwa matabaka ya Kihindu hayana maana mbele yake. Alifariki mwaka 1539, na baada yake walifuata Maguru wengine tisa.

Guru wa tano, Arjan, alikusanya kitabu chao kitakatifu mwaka 1604. Ndani yake hakuweka tenzi za Maguru peke yao. Aliweka pia za wacha Mungu wengine, akiwemo Sheikh Farid, Sufi Muislamu wa Punjab. Miaka miwili baadaye, 1606, Guru Arjan aliuawa mjini Lahore katika utawala wa Jahangir. Mwanawe, Hargobind, alianza kuvaa panga mbili, moja ikiashiria mamlaka ya roho na nyingine mamlaka ya dunia. Mwaka 1675 Guru wa tisa, Tegh Bahadur, alikatwa kichwa mjini Delhi kwa amri ya Aurangzeb.

Aliyeachwa kushika nafasi yake ni mtoto wa miaka tisa, Gobind. Huyu ndiye aliyekuja kuanzisha Khalsa. Kwa hiyo ikumbukwe kuwa Khalsa ilizaliwa na mtu ambaye baba yake aliuawa na dola iliyojiita ya Kiislamu. Hatuwezi kuificha habari hiyo, na tutairudia mbele.

Siku ya Vaisakhi, 1699

Ilikuwa mjini Anandpur, chini ya milima ya Himalaya, siku ya Vaisakhi, sikukuu ya mavuno ambayo siku hizi huangukia tarehe 13 au 14 Aprili. Watu wengi walikuwa wamekusanyika. Kwa mapokeo ya Masingasinga, Guru Gobind alisimama mbele yao na upanga ulio wazi akauliza: Nani yuko tayari kutoa kichwa chake?

Watu walinyamaza. Aliuliza tena. Mwishowe akasimama mmoja, Daya Ram wa Lahore. Guru akaingia naye hemani, akatoka peke yake, upanga ukiwa na damu, akaomba kichwa kingine. Ikawa hivyo mara tano. Kisha Guru akawatoa wote watano wakiwa hai, wamevaa nguo mpya. Hawa wanaitwa Panj Piare, yaani Wapendwa Watano.

Hebu tuwatazame hawa watano. Daya Ram alikuwa wa tabaka la wafanyabiashara. Dharam Das alikuwa Jat, mkulima. Himmat Rai alikuwa mchota maji. Mohkam Chand alikuwa fundi wa nguo, na Sahib Chand alikuwa kinyozi. Walitoka pande tofauti za India, kutoka Lahore kaskazini hadi Bidar kusini, na kutoka Dwarka magharibi hadi Puri mashariki. Katika India ya wakati ule, watu wa namna hii hawakuweza kula sahani moja.

Guru akatia maji katika bakuli la chuma, akayakoroga kwa upanga wenye makali mawili huku akisoma sala. Mapokeo yanasema mke wake aliongeza vipande vya sukari ndani yake, ili chuma kiwe na utamu, na ushujaa uwe na huruma. Maji hayo yanaitwa amrit. Wale watano wakayanywa kutoka bakuli lilelile, mmoja baada ya mwingine. Hapo tabaka likavunjwa kwa midomo na si kwa hotuba. Wakapewa jina moja la Singh, yaani simba. Wanawake wanaoingia huitwa Kaur.

Kisha likatokea jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo kiini cha Khalsa yote. Guru mwenyewe alipiga magoti mbele ya wale watano na kuwaomba wamwingize kama yeye alivyowaingiza. Mwalimu akawa mwanafunzi wa wanafunzi wake. Kuanzia siku ile Gobind Rai akawa Gobind Singh. Hakujiweka juu ya kiapo alichowataka wengine wakile.

Kiapo, alama tano na makatazo manne

Utaratibu huo unafuatwa hadi leo. Kanuni za maisha ya Khalsa, zinazoitwa Rehat Maryada, zilipitishwa katika sura yake ya sasa mwaka 1945. Anayetaka kuingia, awe mwanamume au mwanamke, wa nchi yoyote na asili yoyote, anatakiwa awe na umri wa kuelewa anachokifanya. Wapo Masingasinga watano waliokwisha kuingizwa, mbele ya kitabu chao kitakatifu. Maji yanakorogwa kwa upanga, sala tano zinasomwa, na wote wanakunywa katika bakuli moja. Wanaambiwa kuwa kuanzia leo wamezaliwa upya: baba yao ni Guru Gobind Singh, mama yao ni Sahib Kaur, na kwao ni Anandpur. Ukoo wa zamani umekwisha.

Mtu huyo hushika alama tano, na kila moja jina lake kwa Kipunjabi huanza kwa herufi K. Ya kwanza ni kesh, nywele zisizokatwa. Ya pili ni kangha, kitana cha mbao cha kuzitunza, maana nywele ndefu zisizochanwa ni za mtu aliyeikimbia dunia, na Khalsa haikimbii dunia. Ya tatu ni kara, bangili ya chuma. Ya nne ni kachhera, suruali fupi ya ndani, alama ya kujihifadhi na zinaa. Ya tano ni kirpan, upanga mdogo au jambia, kwa ajili ya kumtetea anayeonewa. Kilemba tunachokiona hufunika alama ya kwanza.

Makatazo makubwa ni manne: kukata nywele, kuzini, kuvuta tumbaku, na kula nyama inayoitwa kutha. Hili la mwisho linatuhusu, kwa sababu kwa maelezo ya kanuni zao, kutha ni nyama iliyochinjwa kwa utaratibu wa Kiislamu. Ndiyo, msomaji, nyama yetu ya halali kwa mtu wa Khalsa ni haramu. Basi ukimwalika jirani yako aliyekula yamini, usikasirike akiiacha pilau ya nyama. Hakudharau mkono wako; anatimiza kiapo chake, kama wewe unavyotimiza chako ukiwa mgeni mahali penye nguruwe. Jiko la hekalu lao, langar, hutoa chakula kisicho na nyama, bure, kwa kila anayeingia, na wote huketi chini safu moja. Lengo ni kwamba asiwepo wa kushindwa kula kwa sababu ya dini yake.

Si kila Singasinga ni Khalsa

Hapa ndipo wengi tunapokosea. Sensa ya India ya mwaka 2011 ilihesabu Masingasinga karibu milioni 20.8. Waliokula yamini ni sehemu ndogo tu ya hao. Aliyekunywa amrit anaitwa amritdhari. Wapo wanaofuga nywele na kufunga kilemba lakini hawajaingizwa. Hao ni keshdhari. Wapo pia wanaoamini mafundisho ya Maguru lakini hawashiki alama zote. Hao huitwa sahajdhari. Kwa hiyo mzee mwenye kilemba si lazima awe Khalsa, na kijana wa Kisingasinga aliyenyoa si lazima awe ameiacha imani.

Kuhusu jina letu la Kalasinga, wapo wanaolihusisha na mfanyabiashara mmoja wa zamani wa Nairobi, Kala Singh, na wapo wanaosema ni Khalsa na Singh yaliyounganishwa. Kwa vyovyote, sisi tumelifanya jina la wote, wakati wao wenyewe wanajua tofauti. Masingasinga wengi walikuja Afrika Mashariki wakati wa ujenzi wa reli kutoka Mombasa, 1896 hadi 1901, na hekalu lao la Makindu, lililojengwa kando ya reli hiyo mwaka 1926, hadi leo huwalisha wasafiri wa dini zote.

Je, Khalsa imefaulu kufuta matabaka? Kwenye bakuli, ndiyo. Mtaani, si kikamilifu. Katika vijiji vya Punjab bado yapo mahekalu na hata sehemu za kuchomea maiti zinazotengwa kwa tabaka, na ndoa nyingi bado zinaangalia ukoo. Masingasinga wenyewe wanalalamikia jambo hili. Tusiwacheke. Sisi tunaosimama safu moja msikitini, bega kwa bega, mara ngapi tumemkatalia kijana mposo kwa sababu ya kabila lake?

Watano wakikaa, hakuna mkubwa

Guru Gobind Singh alifariki mwaka 1708 huko Nanded, kusini mwa India. Hakumteua mtu wa kumrithi. Uongozi wa kiroho aliuacha kwa kitabu, ambacho tangu hapo kinaitwa Guru Granth Sahib, na uamuzi wa mambo ya jumuiya akauacha kwa Khalsa yenyewe. Masingasinga watano waliokula yamini wakikaa pamoja mbele ya kitabu, wana mamlaka ya kumhukumu yeyote aliyevunja kiapo.

Hukumu hiyo inaitwa tankhah, na haitazami cheo. Mwezi Desemba 2024, Sukhbir Singh Badal, aliyewahi kuwa naibu waziri mkuu wa jimbo la Punjab, alihukumiwa na Akal Takht, kiti kikuu cha Masingasinga mjini Amritsar, kwa makosa ya wakati wa utawala wake. Alikuwa amevunjika mguu. Akakaa kwenye kiti cha magurudumu, langoni mwa Hekalu la Dhahabu, amevaa kibao shingoni na kushika mkuki kama mlinzi, kisha akaosha vyombo. Tarehe 4 Desemba mtu mmoja alimfyatulia risasi akiwa palepale langoni, ikamkosa. Aliendelea na adhabu yake. Mtu anaweza kuwa na maoni yake kuhusu siasa za Punjab, lakini ni wapi kwingine tumeona mwanasiasa mkubwa akiosha sahani za wasafiri kwa sababu amehukumiwa na watu watano wa dini yake?

Khalsa na Waislamu: tuseme ukweli wote

Sasa turudi kwenye lile tuliloliahidi. Mwishoni mwa mwaka 1704 (wengine wanahesabu 1705), Anandpur ilizingirwa na majeshi ya Wamoguli na ya wafalme wa Kihindu wa milimani. Guru aliahidiwa kwa kiapo, kilichoapwa kwa Qur'an, kuwa akitoka na watu wake hawatadhurika. Alipotoka, walishambuliwa. Wanawe wawili wakubwa walikufa vitani Chamkaur. Wawili wadogo, Zorawar Singh na Fateh Singh, watoto wa chini ya miaka kumi, walipelekwa Sirhind kwa gavana Wazir Khan, naye akawaua. Mapokeo yanasema walijengewa ukuta wakiwa hai.

Baada ya hapo Guru alimwandikia Aurangzeb barua ndefu ya mashairi kwa Kiajemi, inayojulikana kama Zafarnama. Ni jambo la kuzingatia kwamba katika barua hiyo hakumlaumu mfalme kwa kuwa Muislamu. Alimlaumu kwa kutokuwa mkweli katika Uislamu wake, kwa sababu mtu akiapa kwa Qur'an kisha akavunja, ana dini gani? Mtu aliyeijenga jumuiya yake juu ya kiapo alimwuliza mwenzake kuhusu kiapo. Lawama hiyo ina haki, na hatuna cha kuijibu.

Lakini ipo habari nyingine, nayo pia ni yetu. Alipohukumiwa wale watoto, alikuwepo Nawab Sher Muhammad Khan wa Malerkotla, Muislamu, na mmoja wa watawala waliokuwa wanapigana na Guru. Aliinuka akapinga. Alisema kuwauwa watoto kwa ajili ya vita ya baba yao si haki na si Uislamu. Hakusikilizwa, ila Masingasinga hawakumsahau. Mwaka 1710 jeshi la Khalsa chini ya Banda Singh Bahadur liliiteka Sirhind na kumwaga damu nyingi ya Waislamu, wakiwemo wasio na hatia, Malerkotla haikuguswa. Mwaka 1947, India ilipogawanywa na Punjab ikawa machinjio, Waislamu wakiua Masingasinga na Masingasinga wakiua Waislamu, Malerkotla ilisalimika tena. Waislamu wake wako hapo mpaka leo, ndani ya India, na mwezi Mei 2021, siku ya Idd, serikali ya Punjab ilitangaza kuifanya wilaya kamili.

Historia nyingine nayo imechanganyika hivyohivyo. Pir Budhu Shah, Sayyid wa Sadhaura, alimsaidia Guru katika vita vya Bhangani mwaka 1688, na baadhi ya wanawe waliuawa humo. Ranjit Singh, aliyeiteka Lahore mwaka 1799 na kutawala kwa jina la Khalsa, alimfanya Fakir Azizuddin, Muislamu, kuwa mshauri wake mkuu wa mambo ya nje. Lakini ni katika utawala huohuo ambapo uwanja wa Msikiti wa Badshahi uligeuzwa zizi la farasi wa jeshi. Kwa hiyo anayetaka kuwatukana Masingasinga atapata hoja, na anayetaka kututukana sisi atapata hoja. Mwenye kutaka haki atasoma zote mbili.

Tunachojifunza

Ndugu msomaji, Khalsa si kabila, si kilemba, wala si ufundi wa magari. Ni ahadi ambayo mtu mzima huingia kwa hiari yake, akaivaa mwilini ili asiweze kuikana hata akitaka, na ambayo mwanzilishi wake aliipigia magoti kama mtu yeyote. Hatukubaliani na kila kilichomo ndani yake, na wao hawakubaliani na kila kilichomo kwetu. Hilo liko wazi na halihitaji ugomvi.

Linalobaki ni swali la kiapo. Kauli ya Muislamu mmoja aliyekumbuka dini yake mbele ya gavana katili imeulinda mji mzima kwa zaidi ya miaka 300. Kiapo kimoja kilichovunjwa kimetuletea chuki ya muda huohuo. Na wote wawili, aliyevunja na aliyetetea, walijiita Waislamu. Kesho ukimwona yule mzee mwenye bangili ya chuma dukani kwake, kumbuka kuwa huenda na yeye ana kiapo anachojaribu kukitimiza. Kisha ujiulize, je, jirani huyu akitutazama sisi, anamwona Wazir Khan au anamwona Sher Muhammad Khan?